Kupima saa ya ubongo wa nzi wa matunda: mwongozo wa maabara ndogo

Saa ya mwili huonekana gizani. Mnyama anayeamka taa inapowaka na kutulia inapozimwa bado hajaonyesha kwamba ana saa. Pengine anaitikia taa tu. Mweke kwenye giza la kudumu, joto lisilobadilika, chakula kiwepo muda wote. Akiendelea kuamka na kulala kwa mzunguko wa takriban saa 24, umeishika saa yenyewe. Karibu kila kilichoandikwa hapa chini ni namna ya kulilinda giza hilo, kwa sababu likivuja kidogo tu, wiki mbili za kazi zinageuka kuwa kumbukumbu za taa.

Mwongozo huu ni wa mtafiti anayeanza kazi ya sayansi ya ubongo kwa upande wa saa ya mwili, na hasa asiye na bajeti ya kufuga panya. Mnyama wetu ni Drosophila melanogaster, nzi mdogo wa milimita mbili hadi tatu anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Usimchanganye na yule anayetoboa maembe shambani. Huyu ndiye aliyefungua uwanja huu: mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer, wakiwa California, walipata nzi wa aina tatu walioharibika saa. Mmoja alikuwa na mzunguko wa saa 19, wa pili saa 28 hivi, wa tatu hakuwa na mpangilio wowote, na hitilafu zote tatu zilikuwa kwenye jeni moja, waliyoiita period. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi jeni hiyo na wenzake zinavyoendesha saa. Nzi hao watatu bado wanaagizwa hadi leo, na utawahitaji.

Kifaa cha kurekodi

Kifaa kilichozoeleka ni DAM2 cha kampuni ya TriKinetics ya Waltham, Massachusetts. Kina matundu 32. Kila tundu hupokea kineli kimoja cha kioo chenye nzi mmoja, na katikati ya kineli hupita mwale wa infraredi ambao nzi hauoni. Nzi akiukata, kompyuta inahesabu moja. Haipimi kingine chochote. Ni kipimo kikavu, lakini kwa swali la saa kinatosha kabisa, na unaweza kuendesha mamia ya nzi kwa wakati mmoja.

Kama fedha haitoshi, kuna ethoscope, muundo ulio wazi kwa yeyote kuujenga: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kamera, taa za infraredi na mwili uliochapwa kwa printa ya 3D. Kwa anayeuliza maswali ya usingizi ethoscope ni bora kuliko DAM2, kwa sababu kamera inamwona nzi anayejisafisha miguu bila kutembea, ilhali mwale mmoja ungemhesabu kuwa amelala. Kwa anayeuliza kuhusu urefu wa mzunguko tu, tofauti ni ndogo.

Chakula na vineli

Vineli vina kipenyo cha nje cha milimita 5 na urefu wa milimita 65. Chakula ni sukari na agari tu: kwa mililita 100 za maji, gramu 5 za sukari nyeupe na gramu 2 za agari. Usiweke hamira wala unga wa mahindi kama kwenye chupa za kufugia, kwani ukungu utakuwahi. Sukari ya kahawia nayo iache, kwa sababu hiyohiyo.

1. Chemsha mchanganyiko mpaka agari iyeyuke yote na maji yawe maangavu. Vipande visivyoyeyuka hufanya chakula kiachane na kioo, na nzi hujibana kwenye ufa huo na kufa.
2. Funga vineli pamoja kama fungu kwa mpira, visimamishe wima ndani ya bika, kisha mimina chakula kikiwa moto hadi kipande vineli kwa sentimita 1.5 hivi.
3. Acha kigande kabisa, chomoa kimoja kimoja, futa nje kwa karatasi laini. Kioo chenye agari kavu katikati huziba mwale, na tundu hilo litasoma upuuzi siku zote.
4. Chovya ncha yenye chakula kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, mara mbili. Bila nta chakula hukauka kabla ya siku ya kumi, na nzi aliyekufa kwa kiu huonekana kwenye grafu kama nzi aliyepoteza saa.

Ncha ya pili hufungwa kwa pamba baada ya nzi kuingia. Usiishindilie, hewa inapita hapo.

Nzi wa kuchagua

Tumia madume wa siku moja hadi tano. Majike waliopandwa hutaga ndani ya kineli, mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na funza wanaotambaa huchimbua chakula na kukata mwale. Ukilazimika kupima majike, tumia ambao hawajapandwa.

Weka nzi 16 hadi 32 kwa kila aina. Chini ya hapo, vifo vichache vinakuachia kundi lisiloweza kusema kitu. Katika kila jaribio ongeza walinzi wawili: nzi wa period wa saa 19 na nzi wa period asiye na mpangilio. Wa kwanza akisoma 24, giza lako limevuja. Wa pili akionyesha mzunguko mzuri, kuna kitu ndani ya kabati kinamwambia saa ngapi, na afadhali ukijue siku ya tano kuliko siku ya kuandika ripoti. Wengi huwaacha walinzi hawa ili kuokoa nafasi. Nafasi hiyo haifai kuokolewa.

Asili ya kijenetiki ya nzi ina uzito kuliko wanaoanza wanavyodhani. Nzi mwenye jeni uliyoibadilisha na nzi wa kulinganishwa naye wakitoka kwenye koo tofauti, tofauti ya nusu saa inaweza kuwa ya ukoo na si ya jeni yako. Mvushe, yaani mpandishe tena na tena, kwenye ukoo mmoja kwa angalau vizazi vitano. Kizazi ni siku kumi hivi kwa nyuzi 25, kwa hiyo hiyo ni kazi ya miezi miwili unayopaswa kuianza kabla hujanunua vineli. Koo za kawaida, pamoja na nzi wa period, hupatikana Bloomington Drosophila Stock Center, Indiana. Kibali cha kuingiza wadudu hai ombeni mapema. Makaratasi huchukua muda mrefu kuliko safari ya nzi wenyewe. Kuokota nzi wa porini kwa ndizi kunawezekana, ila Drosophila simulans anafanana naye mno, na tofauti ya uhakika iko kwenye viungo vya uzazi vya dume, chini ya hadubini.

Waleweshe kwa kabonidioksaidi kwa muda mfupi kadiri unavyoweza, waingize kwa brashi, na kilaze kineli mpaka nzi aamke. Ukikisimamisha, nzi aliyelewa huangukia chakula na kunasa mabawa.

Kabati: hapa ndipo majaribio mengi huharibikia

Unataka nyuzi 25 za Selsiasi, unyevu wa asilimia 60 hadi 70, na taa ya LED nyeupe ya lukisi 500 hadi 1,000 kwenye usawa wa vineli. Pima mwanga kwenye kila rafu, kwani kivuli cha rafu ya juu kinaweza kupunguza mwanga wa chini kwa zaidi ya nusu.

Adui wa kwanza ni joto la taa. Saa ya nzi hufuata joto kama inavyofuata mwanga, na tofauti ya nyuzi mbili au tatu kati ya mchana na usiku inatosha kuiongoza. Taa za zamani zinazopasha kabati hukupa mizunguko miwili kwa mkupuo, wa mwanga na wa joto, na hutajua nzi alifuata upi. Weka kirekodi cha joto kando ya vineli, si ukutani pa kabati, na kisome kila dakika tano kwa siku tatu kabla hujaingiza nzi hata mmoja. Ukiona kilima kila taa inapowaka, ongeza feni au punguza taa. Angalia pia kama kuna chumba jirani chenye kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Kabati la bei nafuu hulihisi hilo, na mzunguko huo utaendelea hata baada ya wewe kuzima taa zote.

Adui wa pili ni vijitaa: kidoti cha kijani cha kidhibiti joto, skrini ya kompyuta, tundu la waya, ufa wa mlango. Ingia chumbani usiku, zima kila kitu, kaa dakika kumi macho yazoee giza, kisha tazama. Chochote unachokiona wewe, chukulia kwamba nzi naye anakiona. Ziba kwa utepe mweusi, kisha funika kabati kwa kitambaa cheusi cha tabaka mbili. Kwa kazi za lazima wakati wa giza tumia taa nyekundu hafifu yenye urefu wa mawimbi zaidi ya nanomita 600. Nzi haoni vizuri huko, lakini hafifu maana yake hafifu. Tochi ya simu iliyofunikwa plastiki nyekundu haitoshi, kwa sababu hupitisha buluu, na buluu ndiyo rangi inayoamsha kriptokromu, protini inayopokea mwanga ndani ya seli za saa zenyewe.

Adui wa tatu anajulikana na kila mtu wa Afrika Mashariki: umeme. Kukatika kwa umeme wakati wa mwanga hugeuza mchana kuwa usiku. Kisaa cha kuwashia taa kinachozunguka kwa umeme husimama nao, na ukirudi baada ya saa mbili ratiba yako yote imechelewa kwa saa mbili, kama vile nzi wote wamepandishwa ndege kwenda magharibi. Nunua kisaa cha kidijitali chenye betri ya ndani. UPS ibebe kompyuta, kifaa cha kurekodi, kisaa na taa za LED. Kompresa ya kabati usiiunganishe kwenye UPS ndogo, itaimaliza kwa dakika chache. Kisha kagua chumba kama kina taa ya dharura inayojiwasha umeme ukikatika. Taa hiyo nzuri ya usalama inaweza kuwamulika nzi katikati ya giza la kudumu, na hutakuwepo kuiona. Joto likiyumba kwa saa moja, andika kwenye daftari na uendelee. Mwanga ukiingia gizani, anza upya.

Kompyuta nayo zima usingizi wake na masasisho ya kujiendesha yenyewe. Kama imetoka Ulaya, hakikisha haihamishi saa yake Machi na Oktoba.

Ratiba, na namna ya kuandika saa

Wataalamu wa fani hii huhesabu kuanzia taa inapowaka. Muda huo ni ZT0 (ZT ni kifupi cha Zeitgeber time), na taa huzimwa ZT12. Weka taa ziwake saa 12 asubuhi na uone faida: ZT inalingana na saa tunayoitamka kila siku. ZT6 ni saa sita mchana, ZT15 ni saa tatu usiku, ZT21 ni saa tisa usiku. Kompyuta, hata hivyo, itaandika 12:00, 21:00 na 03:00. Katika daftari andika ZT peke yake. Timu yenye watu wawili, mmoja akisema saa tatu na mwingine akiandika 03:00, hupoteza jaribio lote kwa neno moja.

Ingiza nzi kati ya ZT6 na ZT10. Siku ya kwanza haihesabiki, wanatoka kwenye ulevi wa gesi. Wape siku tatu hadi tano za mwanga saa 12 na giza saa 12, kisha siku ya mwisho taa izimike kama kawaida na isiwake tena. Giza liendelee siku saba kwa uchache, nane au tisa ni bora. Rekodi kila dakika moja. Unaweza kujumlisha baadaye kuwa dakika 30, lakini dakika 30 haziwezi kugawanyika kurudi moja, na siku ukitaka kupima usingizi, ambao kwa nzi huhesabiwa kuanzia dakika tano mfululizo bila kusogea, utazihitaji.

Kusoma kilichotoka

Faili la DAM2 lina safu 42. Kumi za mwanzo ni kumbukumbu: namba ya mstari, tarehe, saa, hali ya kifaa na kadhalika; 32 zinazofuata ni nzi. Safu ya hali ikiwa 1, usomaji ni mzima. Ikiwa 51, kifaa hakikujibu, na sufuri utakazoziona hapo si za nzi aliyelala.

Programu ya bure ya ActogramJ inafungua faili hizi na kuchora aktogramu: siku moja chini ya nyingine, kila mstari ukionyesha siku mbili ili jicho lifuate mwelekeo. Tazama michoro kwa macho kabla ya hesabu yoyote. Nzi mzima kwenye siku za mwanga ana vilele viwili, asubuhi na jioni, na shughuli huanza kupanda kabla taa haijabadilika. Huko kutangulia ndiyo ishara ya saa. Mruko wa ghafla wakati taa inawaka ni mshtuko tu. Kwenye giza, kilele cha jioni kikishuka wima nzi ana saa 24, kikikimbilia kushoto ana mzunguko mfupi, kikielekea kulia ana mrefu. Mstari unaokoma katikati ni kifo. Tundu linalosoma mamia ya hesabu kila dakika lina nzi aliyesimama kwenye mwale, au uchafu.

Baada ya hapo tumia periodogramu ya kai-mraba, hesabu inayotafuta urefu wa mzunguko ulio imara zaidi, kwenye siku za giza kuanzia ya pili, vipande vya dakika 30, ukitafuta kati ya saa 16 na 32. Ukipanua zaidi, mashine itakupa 12 na 48 kwa nzi wa kawaida. Ondoa waliokufa, yaani wasio na hesabu yoyote katika saa 24 za mwisho. Kisha ripoti vitu vinne pamoja: walioingia wangapi, waliobaki wangapi, asilimia ngapi wana mzunguko, na wastani wa mzunguko wa hao wenye nao. Wastani peke yake hudanganya. Kundi ambalo nzi wawili tu kati ya 30 wana saa linaweza kutoa 23.8 safi.

Kuisogeza saa

Jaribio la pili kwa wengi ni kumulika. Usiku wa mwisho kabla ya giza la kudumu, weka kundi moja kwenye mwanga wa lukisi 1,000 kwa dakika kumi ZT15, kundi lingine ZT21, na la tatu lichukuliwe na kurudishwa vilevile bila kumulikwa. Linganisha mahali kilele cha jioni kinapoishia kuanzia siku ya pili ya giza. Wa ZT15 watachelewa kwa takriban saa tatu, wa ZT21 watatangulia kwa saa mbili hivi. Sababu ni ileile moja: mwanga hupitia kriptokromu na kuivunja protini ya timeless, mojawapo ya protini zinazoendesha saa. Mapema usiku protini hiyo ndiyo kwanza inajikusanya, kwa hiyo kuivunja kunairudisha saa nyuma. Karibu na alfajiri ilikuwa inakaribia kuondoka yenyewe, na kuivunja kunaisukuma mbele. Kundi la tatu ndilo linalosahaulika, na bila hilo huwezi kutenganisha mwanga na mtikisiko wa kubebwa.

Kutoka tabia hadi seli

Ubongo wa nzi una seli za neva karibu 140,000, na zinazobeba saa ni chache mno. Zinazoanziwa na kila mtu ni nane kwa kila upande zinazotoa PDF, kemikali ya kupashana habari kati ya seli: nne ndogo na nne kubwa. Nzi asiye na PDF hupoteza kule kutangulia kwa asubuhi, kilele chake cha jioni huja mapema, na gizani wengi wao hupoteza mpangilio. Kuzinyamazisha seli hizo kunahitaji kumvusha nzi wa pdf-GAL4, anayebeba swichi inayowaka ndani ya seli za PDF, na nzi wa UAS-Kir2.1, anayebeba jeni ya kunyamazisha inayosubiri swichi hiyo. Wapime watoto wao sambamba na makundi mawili ya kulinganisha, lenye GAL4 pekee na lenye UAS pekee. Mhakiki wa jarida hatakubali kundi moja.

Kwa kupaka rangi ubongo, chukua nzi kila saa nne kwa saa 24, yaani nyakati sita, bongo kumi kila wakati. Kila kundi lipasuliwe ndani ya nusu saa, liingie kwenye parafomaldehidi ya asilimia 4 kwa dakika 20 hadi 30, lioshwe, kisha likae na kingamwili za PDF na PERIOD (protini ya jeni ya period) usiku kucha kwa nyuzi 4. Kingamwili ya PDF iitwayo C7 hutolewa na Developmental Studies Hybridoma Bank ya Iowa. PERIOD itang'aa zaidi kuelekea alfajiri na kufifia kuelekea jioni. Mwanga wa hadubini uweke mara moja, kwenye slaidi za alfajiri zinazong'aa zaidi, na usiuguse tena. Ukiurekebisha kwa kila slaidi unaufuta mzunguko unaoutafuta. Slaidi apewe mtu mwingine azifiche majina kabla hujahesabu.

Mafunzo ya kazi hizi kwa mikono yametolewa barani Afrika na mashirika ya DrosAfrica na TReND in Africa, yakiwemo ya Kampala International University, Ishaka, Uganda.

Swali la nyumbani

Ustadi huohuo unahamia kwa mbu bila kubadilika sana: vineli vya milimita 25 badala ya 5, pamba yenye maji ya sukari asilimia 10 badala ya agari, na kifaa chenye matundu makubwa zaidi. Hapo kuna swali linalobeba kazi ya miaka. Mbu wa malaria wanaporipotiwa kuuma mapema jioni, kabla watu hawajaingia kwenye vyandarua, je, saa yao imesogea, au wanakula tu pale damu ilipo? Chukua majike wa kijiji hicho, walete pamoja na wa kijiji wanachouma usiku wa manane, wape siku tano za mwanga na giza kwa ratiba moja, kisha giza. Mbu wa porini huja na umri tofauti na damu tumboni, na vyote hubadilisha mruko, kwa hiyo pima watoto wao wa kizazi cha kwanza waliolelewa pamoja. Makundi yote mawili yakianza kuruka kwa wakati mmoja gizani, saa haijasogea, na hatua inayofuata ni kwenda kijijini kurekodi watu wanaingia kitandani saa ngapi.